Kijiti cha Shemeji

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kwa kushika tepu miaka yote hiyo ameishia kuamini kwamba kila kitu duniani kina kipimo chake kimoja tu. Kipimo cha bunduki, kwa imani yake, ni risasi tatu.

Bunduki yenyewe ni ya marisau, ile ya kukoki kwa kuvuta mkono nyuma na mbele. Bomba lililo chini ya mtutu linameza risasi nne, na moja hukaa ndani ya mtutu, jumla tano. Sheria ya kuwinda ndege inataka tatu basi, ili ndege nao wapate nafasi. Kwa hiyo mwindaji huchomeka kijiti ndani ya bomba, kikala nafasi ya risasi mbili. Shemeji alichonga chake kutokana na rula yake ya mbao iliyovunjika, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kuliko mashavu yake, na namba bado zinasomeka. Wawindaji walimchagua katibu wa chama kwa ajili ya kijiti kile. Sioni sababu nyingine, maana kwa shabaha, kanga wanamjua na hawana wasiwasi naye.

Dada yangu, mkewe, hakuwa na neno na kanga. Msimu wa sare za shule ukifika, shemeji hulala dukani na cherehani zake, na dada hubaki peke yake katika nyumba ya mwisho mtaani, watoto wote wameshaanza maisha yao. Bunduki hubaki chumbani, ingawa leseni ni ya shemeji peke yake, na kisheria dada haruhusiwi hata kuifuta vumbi. Mwaka huu wezi walivunja nyumba ya jirani. Walikuwa wanne. Dada akaomba kijiti kitolewe, kwa kuwa bunduki ikiwa nyumbani sheria haijali ina risasi ngapi.

Shemeji akagoma. Alisema ukishapiga tatu, mwizi wa nne atakuwa amepata habari. Dada akamuuliza kama amewahi kuonana na huyo wa nne. Walibishana tatu, tano, tatu, tano, mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikula changu, kisha nikala cha shemeji, na nilikuwa nimewachoka wote wawili.

Jumamosi moja, sare zikiwa bado mlima, uzalendo ukamshinda, akataka kuwinda. Alipita nyumbani alfajiri bila taarifa, akachukua bunduki, akanipitia. Bomba hakulifungua. Kijiti alikiweka kwa mkono wake, na katika nyumba ile, kwa ufahamu wake, hakuna mwingine aliyejua bomba linafunguliwa vipi.

Kwenye geti la pori, wawindaji wenzake walipokuwa wamekusanyika, kulikuwa na ofisa wa wanyamapori, mama mmoja mpole mwenye kofia pana. Alikuwa na risasi bandia za kupimia: zikiingia zaidi ya mbili kwenye bomba, bunduki inataifishwa na leseni inafutwa. Shemeji hakuwa amepangiwa kupimwa, kwa heshima ya ukatibu. Akajitokeza mwenyewe.

"Nianze mimi," alisema, "wenzangu wajifunze."

Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu nayo ikaingia bila kinyongo, na ya nne ikaifuata. Wenzake wakajifunza.

Ofisa alimwonea huruma, nakiri. Alimuuliza taratibu kama kuna mtu mwingine anayeigusa bunduki ile, kwa sababu akiwepo, kesi itamfuata huyo. Shemeji aliangalia bomba. Nilimwona anapata jibu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelipata, na ni dada yangu wa tumbo moja.

"Hakuna," alisema. "Nilikitoa mwenyewe, nikasahau."

Mtu anayekumbuka kiuno cha kila mteja aliyewahi kumshonea. Nilifungua mdomo, naye akanikanyaga kidole cha mguu, kwa buti. Akakabidhi bunduki, akakabidhi leseni, akavua na beji ya ukatibu ambayo hakuna aliyeiomba. Tukarudi nyumbani kwake. Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda kuliko siku zote, na sikujua nimwambie lipi, kwa hiyo nikamlalamikia kidole changu.

Dada alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Alipotuona mikono mitupu alizima jiko.

"Nilikitoa mimi," alisema. "Springi iliruka ikagonga dari. Risasi nilikuwa nimeshazitoa, lakini kijiti kilinishinda kukirudisha. Kiko kwenye droo ya vijiko."

"Najua."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Wangekuita wakuulize unaogopa nini."

"Wewe mbona hujawahi kuniuliza?"

Shemeji akavuta kiti akakaa. Akamuuliza. Dada akajibu huku anaangalia vitunguu vyake, sauti ileile anayotumia kuagiza chumvi.

"Tatu, tano, mimi sikutaka hata moja. Nilitaka mtu ndani ya nyumba."

Nilitafuta pa kuangalia, nikaangalia friji.

Jumatatu tulibeba cherehani kutoka dukani tukazipanga sebuleni, pale yalipokuwa makochi. Tangu hapo zinaunguruma mpaka usiku, na dada analalamika kwa kila mtu kwamba hapati usingizi. Wiki iliyopita nilijitolea kuzirudisha dukani. Aliniambia nishike adabu yangu.