Chapa Zilizohama

Asubuhi ya ukaguzi mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, yalikuwa yamepangwa uani mwa kiwanda mpaka usawa wa dirisha la ofisi, na hakuna hata moja lililokuwa na chapa. Jana yake yote yalikuwa nazo: picha ya suke na namba ya kiwanda, maana yake mbao zimepashwa joto tanurini mpaka kwenye kiini, asibaki mdudu wa kuvuka mpaka. Uongo mtupu. Tanuru lilikuwa bovu tangu mlango wake ulipofyatuka ukamuunguza fundi mgongo mzima.

Chapa hazikwenda mbali. Zilihamia kwenye vitu vilivyopata moto kweli: birika la mama wa chai, pasi ya mlinzi, masufuria ya majirani. Mama wa chai alilisugua birika kwa majivu, chapa ikagoma kutoka, akaendelea kumimina chai.

Iliyo kubwa kuliko zote ilitua mgongoni kwa fundi wa tanuru, juu ya kovu. Mkewe aliiona alipokuwa akimpaka mafuta, akafurahi mno. Mwenye kiwanda ni kaka wa huyo mke, wa tumbo moja, na tangu ajali alikuwa akisema kwa uso mkavu kwamba shemeji yake aliungulia nyumbani. Fundi hakutaka kingine ila ukweli usemwe, arudi kazini kichwa juu.

"Mficha uchi hazai," mkewe alimwambia. "Namba ni ya kaka. Sasa atakataa nini? Twende."

Walikwenda kiwandani vifua mbele. Fundi akavua shati mbele ya mkaguzi wa afya ya mimea. Mkaguzi akavaa miwani, akaisoma ile namba, akagonga mgongo kwa kidole kama anavyogonga ubao.

"Huyu amepashwa joto humu humu kiwandani," alisema. "Hana kasoro."

Mwenye kiwanda, mjanja wa kuzaliwa, akasema basi mzigo una chapa. Akamsimamisha shemeji yake kwenye mlango wa kontena, mapaleti nyuma yake. Mkaguzi akaiona chapa, akapitisha mzigo. Dada mtu alipouliza habari ya ajali, mkaguzi alimjibu kwa upole kwamba yeye ni wa mbao. Watu wana ofisi yao.

Kesho yake fundi alirudishwa kazini. Tanuru halijaguswa. Kila mzigo unapotoka yeye huvua shati, na mwenye kiwanda, akiulizwa juu ya lile kovu, husema shemeji aliungulia nyumbani kwake.