Waya wa Saa

...sahihi hapa tu, chini kulia, ndivyo alivyosema Mkuu, na kalamu kanipa yake mwenyewe, kifuniko kashakitoa, kilichobaki ni mkono wangu kushuka, nao hautaki, umening'inia hewani kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani, na wote wanadhani nasoma, haya, wacha wadhani nasoma, karatasi hii niliiandika mimi juzi, naijua mpaka nukta zake, redio za magari arobaini ya wagonjwa zimepimwa na kuthibitishwa, zimepimwa ndiyo, wiki sita tumezipima humuhumu, ndani ya hiki chumba cha chuma kisicho na dirisha, mlango wake mzito kama wa friji ya bucha, ukishafungwa hakuna wimbi linaloingia wala kutoka, simu zinakufa mfukoni, hata hewa inakuwa ya kugawana, na leo tumo wanne, mimi, Mkuu wa idara yetu, Matroni aliyetumwa na hospitali kuzipokea redio, na fundi wetu mzee tunayemwita Solda, na jasho linatutoka wote, ila langu mimi ni la kitu kingine, kwa sababu sasa hivi, dakika mbili hazijapita, miwani ya Matroni ilianguka nikainama kuiokota, na kule nyuma ya meza nikauona, mweusi, mfupi, hauzidi mkono wangu, upande mmoja umechomekwa kwenye redio inayorusha na upande wa pili kwenye redio inayopokea, waya wa saa, Mungu wangu, waya wa saa haujachomolewa... Mkuu anamwambia Matroni wataalamu ndivyo walivyo, hawasaini kitu bila kukisoma mara tatu, na Matroni anacheka, anasema afadhali yeye, sisi kwetu madaktari wanasaini huku wanakimbia, na mimi natabasamu, naliona tabasamu langu kwenye kioo cha skrini, limebanwa kama la picha ya pasipoti.

Nani aliuacha, usijifanye hujui, uliuacha wewe, wiki ya kwanza kabisa, ulisema tuuchomeke kwanza mpaka namba zitulie, namba zikatulia, zikawa nzuri, nani anagusa namba nzuri, ukaenda kunywa chai, ukasahau, na wiki sita zote redio mbili zimekuwa zikihesabu muda kwa saa moja, kama watoto wawili wanaofanya mtihani kwa karatasi moja ya majibu, halafu ukashangilia kwamba wamefaulu sawa... na barabarani hakuna waya, gari lina saa yake na hospitali ina saa yake, gari linaruka mashimo, jua linachemsha bodi, saa zinapishana kidogo tu, kidogo mno, na hicho kidogo ndicho kinachoua, kwa mapigo yangu ya redio ndicho kinachoua, kwa sababu niliyabana mno. Nilimweleza mume wangu siku moja anamenya vitunguu, kila taarifa inatoka hewani kama pigo, nikamwambia, pigo likiwa na kona kali linamwagika mpaka kwenye masafa ya majirani, kwa hiyo unalilainisha, unalibana likae kwenye njia yake, na ukilibana linaota mikia, mbele na nyuma, mikia inapita juu ya mapigo mengine, lakini uzuri wake, nikamwambia, kila mkia unakuwa sifuri palepale ambapo jirani yake anasomwa, kwa hiyo yanalaliana na hayaharibiani, akanitazama na machozi yake ya vitunguu, akasema, ni ukoo wenu huo mkiwa mezani, wote mnaongea kwa pamoja na mnasikilizana, tukacheka mpaka mafuta yakaungua. Sikumweleza yaliyobaki. Kwamba ukichelewa kusoma hata kwa unywele unasoma mikia ya wote, na kadiri unavyobana ndivyo mikia inavyorefuka, na mimi nilibana mpaka mwisho, ili data ipite nyingi zaidi, ili nionekane.

Solda alisema. Alisimama kwenye kikao na kidaftari chake chenye madoa, akasema, mwanangu, barabarani si maabara, yape nafasi haya mapigo, data itapungua kidogo lakini itafika, na mimi, mbele ya watu kumi na wanne, nikasema, mzee, hizo ni hesabu za enzi za redio za mbao. Walicheka. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Solda naye akacheka, akichelewa kidogo, kama mtu aliyengoja kutafsiriwa utani, akafunga kidaftari, na Jumatatu iliyofuata akahamishiwa stoo kupanga antena, leo kaitwa kwa sababu tu yeye ndiye anayejua komeo la mlango huu linavyokwama... Mkuu anaonyesha skrini, tazama jicho hilo Matroni, hiyo mistari ikilaliana inachora jicho, likiwa wazi namna hiyo redio inasikia kila kitu, likifumba basi tena, ni kiziwi, na jicho langu liko wazi pale, zuri, kubwa, halina hata tongotongo, linanikodolea, na linadanganya, na hakuna anayejua kuwa linadanganya ila mimi. Kwa hiyo mgonjwa akiwa bado njiani, anauliza Matroni, daktari anauona moyo wake, na Mkuu anajibu anauona, kila pigo, na Matroni anavuta pumzi, anasema mwezi uliopita tuliletewa mama mmoja, mlango wa gari ulipofunguliwa ndipo tulipojua ni moyo, tulikuwa tumemwandalia kitanda cha waliovunjika mifupa, sasa mkituambia mapema, dada mhandisi, hujui mnatufanyia nini, na ananishika begani, kiganja kizito, cha moto, na mimi namwambia asante, asante ya nini, mpumbavu mimi.

Basi saini, halafu rekebisha kimyakimya, saini leo, wiki ijayo sema kuna maboresho... maboresho gani, vichujio vinavyoyabana mapigo vimechomwa ndani ya chipu, havibadilishwi kwa kubonyeza, ni kufungua redio mojamoja, zote arobaini, na magari yanaingia barabarani kesho asubuhi, na kati ya kesho na wiki ijayo kuna wangapi watakaobebwa wakiwa wameshika vifua, mstari wa moyo utakatika katikati, daktari atakaa mbele ya skrini tupu akidhani gari halijatoka. Au sema kumejitokeza hitilafu ndogo ya kipimo. Ndogo. Kumejitokeza, kama mvua. Au jikohoze, zimia, watu huzimia kwenye joto, wangefungua mlango, ningepata hewa, siku moja, hata nusu siku... la, Solda ndiye atakayesema, ndiyo, Solda yuko kona ile, macho yake ya kutafuta waya uliokatika hayajawahi kupitwa na kitu, naye ana haki yake, na ajabu nataka aseme, sema mzee, nitie aibu tumalize, hiyo zamu yako ya kucheka nimeikalia tangu siku ile...

Na anainuka. Amepita nyuma ya meza, ameangalia chini, amesimama, ameuona, nakuapia ameuona, mabega yake yameshuka kidogo, na sasa atafungua mdomo... anavuta kiti. Anakivuta taratibu mpaka nyuma ya redio, anakaa, anatandaza koti lake la kazi magotini, na pindo la koti linaufunika ule waya wote, Matroni hata akiinama tena hauoni, Mkuu hauoni, na Solda ananitazama, si kwa ushindi, ningeuweza ushindi, ananitazama kama baba ambaye mtoto wake kajikojolea mbele ya wageni. Ananificha. Mtu niliyemfanya kichekesho ananificha, na hapo ndipo ninapoelewa kwamba nilikuwa nangoja, tangu nilipoinama nilikuwa nangoja mtu mwingine aje kunitoa humu, yeye, joto, mlango, yeyote, na hakuna anayekuja, wote watatu wananipenda mno, Mkuu kwa sifa, Matroni kwa shukrani, Solda kwa huruma, na wote watatu wanautegemea mkono huu ushuke. Mhandisi, anasema Mkuu, tunakungoja wewe tu, na kalamu bado iko juu, karatasi ni ileile, jicho bado limefumbuka skrinini, na Solda anatikisa kichwa, kidogo sana, usiseme, mwanangu, usiseme. Mara ile alikuwa sahihi na sikumsikiliza. Leo pia sitamsikiliza, mzee wa watu, anisamehe, leo amekosea.