Kwanga Juu ya Pistoni

Alhamisi, Amuri alipofungua kichwa cha injini, kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, alichokibandika juu ya pistoni kilikuwa kimebonyea duara, kana kwamba mtu amekigandamiza kwa kizibo cha chupa. Alikikata kwa kisu, akatazama. Pale vali iliposhuka, donge lile la muhogo lilibaki jembamba kuliko ukucha; vali na pistoni zilikaribia kugusana.

Ndivyo alivyopima kila injini kwa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kukosea. Safari hii patron wake, mzungu Hubert, alikuwa ameagiza kutoka Ulaya mhimili mpya wenye vinundu virefu vya kusukuma vali, ili Jumapili amshinde Emile, mwenye mashamba ya kahawa, katika mbio za magari kwenye barabara ya Simi-Simi. Springi za vali hakuziagiza.

"Patron," Amuri alisema, "hii arbre à cames iko muzuri, lakini ressort ni za zamani. Ukipita tours elfu tano kwa dakika," akagusa vali, "soupape itachelewa kurudia juu, na piston itaigonga."

"Nani alikufundisha, weye?" Hubert alikipiga kile kipande, kikaanguka sakafuni. "Chakula ndani ya moteur yangu. Bon. Ikikufa, ni weye umeiua. Nitaandika ile ndani ya livret yako, hata Bukavu hawatakupa kazi."

Livret ilikuwa kitabu cha kazi. Fundi mweusi aliyechafuliwa kitabu hakupata hata gereji ya kufagia.

Amuri alikiokota kipande chake. Alimchukia Hubert, na alijichukia zaidi, kwa kuwa alijua atakachofanya: atafunika kosa la patron kimyakimya, kama siku zote. Alichonga kijiti cha kuweka chini ya kanyagio la mafuta dakika ya mwisho, lisifike sakafuni na injini isipite elfu tano. Injini ingepona, kitabu kingepona, na Hubert angejisifu.

Jumapili asubuhi aliinama penye mlango wa gari, kijiti mkononi. Hubert alikuja akivaa glavu.

"Toka, nyani," alisema, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Emile, kando ya gari lake, akacheka.

Amuri alinyooka. Akatia kijiti mfukoni, akamfungulia patron mlango.

Gari liliondoka vizuri. Kabla ya mtu mwingine yeyote, Amuri alisikia vali zikianza kugongagonga. Kisha chuma kikalia, kisha kimya. Hubert alirudi kwa miguu, shati limelowa mafuta.

"Livret."

Amuri aliitoa. Juu yake aliweka kile kipande cha kwanga, kikavu sasa, na duara lake. Emile, aliyegeuza gari na kurudi, alikichukua.

"Iko nini hii?"

"Ni fasi soupape inafika, monsieur," Amuri alisema, akigusa duara. "Nilimuonyesha patron jeudi."

Emile alimgeukia Hubert, na safari hii hakucheka. Hubert alikuwa ameshika kalamu juu ya ukurasa, haandiki.

Amuri alisubiri, amesimama wima. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, umekifumbata kijiti, na haukutoka.