Meno ya Nesi

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wahenga waliosema hivyo hawakuwahi kupanda meli ya watalii, vinginevyo wangeongeza kwamba wifi wawili hawakai kabini moja, tena kabini ambayo mmoja akitaka kuvaa viatu lazima mwenzake apande kitandani. Lakini Fundi hakuwauliza wahenga. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli hiyo, alikuwa na tiketi mbili za bei ya wafanyakazi, alikuwa na shangazi na alikuwa na mama. Na alikuwa na ule ujinga wa vijana wema wanaodhani kwamba watu wakilala karibu watapatana.

Shangazi ndiye Nesi. Alikwishastaafu zamani, ila mtaa mzima bado ulimwita hivyo, na yeye bado alitembea kama mtu anayekwenda kumchoma mwingine sindano. Ndiye aliyemlea Fundi tangu akiwa na miaka minne. Mama yake Fundi, mjane wa kaka yake Nesi, aliachwa mikono mitupu, akavuka mpaka kwenda kuuza nguo, akamwacha mtoto kwa Nesi kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukazaa miaka. Aliporudi kumchukua, Nesi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mtoto si mzigo wa kuweka stoo ukaja kuuchukua ukijisikia," alimwambia. Kisha akautazama mdomo wa mwenzake, pale mbele palipokuwa na pengo. "Aliyeshindwa kutunza meno yake atatunza mtoto?"

Maneno hayo Nesi aliyapenda sana, akayarudia kwenye arusi na kwenye misiba. Tangu hapo wakawa wanaitana "wifi" kwa sauti ambayo wengine huitumia kumfukuza mbwa. Nasi hapa tumwite Wifi tu yule mama, kwa kuwa Nesi hakuwahi kumwita kitu kingine, angalau si mbele za watu.

Sasa, meli hiyo ilikuwa na desturi yake. Mfanyakazi akipanda cheo, kwenye chakula cha jioni ya mwisho mtu mmoja wa familia yake husimama na maiki, akawaeleza abiria na mabaharia huyu ni nani na ametoka wapi. Fundi alikuwa amepanda. Walipoketi mezani siku ya kwanza, mkuu wa wahudumu alimuuliza nani atamsemea, naye akajibu bila kufikiri, "Shangazi."

Wifi alikuwa akipaka siagi kwenye mkate. Aliendelea kupaka mpaka mkate ukachanika.

Nesi aliona, na moyo wake ulifurahi kwa furaha isiyo nzuri. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Siku zote alilisema hilo, na sasa lingesemwa kwenye maiki, mbele ya ukumbi mzima, na wifi yake akiwa ameketi pale pale akisikiliza. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko hicho.

Yaliyompata yalimpata siku iliyofuata, kwenye chakula cha mchana. Mkate ulikuwa na mbegu ndogo ndogo, na mbegu moja iliingia chini ya meno yake ya juu. Hapo ndipo msomaji ajue siri: meno ya juu ya Nesi, yale meupe aliyoyaringia miaka yote, yalikuwa ya bandia. Yote. Hakuna aliyejua ila daktari wa meno, naye alikwishakufa. Mtu anayetukana pengo la mwenzake hawezi kutangaza kwamba yeye mwenyewe ni pengo tupu.

Alivumilia ile mbegu mpaka machozi yakamlenga. Wifi alipoinuka kwenda kuongeza matunda, Nesi aliinamisha kichwa, akayatoa meno, akayafunga kwenye tishu ili apumue kidogo kabla ya kuyasuuza. Akaiweka tishu kando ya sahani. Mara akaja baharia mmoja kumsalimia, kwa kuwa mama yake Fundi na shangazi yake Fundi walikuwa wageni wa heshima, na Nesi akageuka kumwitikia kwa kutingisha kichwa na mdomo aliouziba kwa kiganja. Alipogeukia meza, sahani haikuwepo. Tishu haikuwepo. Meza ilikuwa safi inang'aa, na mhudumu alikuwa amekwishaingia jikoni na sinia lake.

Wifi alirudi na bakuli la matunda. "Vipi wifi, mbona umeziba mdomo? Umeng'atwa na samaki?"

Nesi aliinuka. Aliondoka mezani mkono ukiwa mdomoni, akashuka hadi kwenye dirisha la vitu vilivyookotwa, karibu na mapokezi. Nyuma ya dirisha alikaa kijana mwenye tai, mpole mpaka anaudhi.

"Umepoteza nini, mama?"

Nesi alifungua mdomo kusema. Akasikia harufu ya manukato anayoyafahamu. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake kwenye foleni, na bakuli lake mkononi, anatafuna tikiti maji polepole.

"Hereni," alisema Nesi ndani ya kiganja chake.

Kijana akamletea sinia la hereni. Za dhahabu, za shanga, moja yenye umbo la pomboo. Nesi alizitazama moja moja kwa adabu, akatikisa kichwa, akaondoka. Masikioni alikuwa na hereni zake zote mbili, na Wifi hakuwa kipofu.

Kwenye begi lake kulikuwa na barakoa, maana nesi hata akistaafu hasafiri bila barakoa. Alivaa moja akatangaza kwa sauti ya kukwaruza kwamba ana kikohozi na koo limevimba. Ikawa balaa jingine. Mzee wa meza ya jirani alihamia meza ya mbali, yeye na mkewe na chai yake. Kwenye ngazi watu walimpisha wakijibana ukutani. Alikula uji wa wagonjwa kabini, amegeukia dirisha, huku Wifi akikaa kitandani kwake akitafuna karanga. Alizitafuna moja moja, kwa sauti.

"Pole wifi," alisema. "Nesi mzima, kushindwa na kikohozi! Na ile hotuba je? Usijali, mambo ya mtoto hayaharibiki. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Nesi alimtazama juu ya barakoa. Macho yangekuwa kisu, Wifi angezikwa baharini.

Fundi alikuja kumwona, akamgusa paji la uso kama shangazi alivyokuwa akimgusa yeye alipokuwa mdogo. "Shangazi, utaweza kusema kweli?" Nesi alitikisa kichwa, na kutikisa huko kulimuuma kuliko jipu. Fundi akamgeukia mama yake, na kwa wasiwasi, kama mtu anayeomba kitu kwa mgeni, akamwambia, "Basi mama, utanisemea wewe."

"Nitasema nini, mwanangu?" alisema Wifi. Lakini uso wake ulikuwa umewaka.

Siku ya mwisho, mchana, aibu ya Nesi ilishindwa na hasira yake. Wifi alikuwa amekwenda kusukwa nywele kwa ajili ya jioni. Nesi alishuka peke yake hadi dirishani, akavuta pumzi, akasema kile alichopaswa kusema tangu mwanzo.

"Meno. Meno ya bandia. Ya juu."

Yule kijana mpole alishangaa. "Lakini yalishachukuliwa, mama. Jikoni waliyaleta siku ile ile, kidogo tu baada ya wewe kuulizia hereni. Mwenzako mnayekaa kabini moja alikuwa bado yuko hapa. Alisema ni yako, unaona haya tu, atakupelekea."

Nesi alipanda ngazi bila kushika ukuta. Kabini ilikuwa tupu. Mkoba wa kila siku wa Wifi ulikuwa juu ya mto. Chini kabisa, chini ya miwani na kitana, alikuta kikasha cha plastiki cha kuwekea sabuni, na ndani ya kikasha, yameoshwa vizuri na kufungwa kwenye kitambaa safi, meno yake.

Aliyavaa mbele ya kioo. Alijiangalia. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye busara asingefanya, ila Nesi alikuwa na ghadhabu ya siku zile zote za uji. Alifunga kikasha kitupu, akakirudisha mkobani chini ya miwani, akavaa barakoa yake tena.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wifi asimame. Ashike maiki. Atafute maneno ya kumweleza kijana ambaye hakumwona akiota meno ya pili, hakumwona akivunjika mkono, hakumwona akifungua pasi ya shangazi yake vipande vipande ili ajue moto unatoka wapi. Akwame. Aaibike mbele ya nahodha. Hapo ndipo yeye, Nesi, angevua barakoa, angeinuka na meno yake yote, na angechukua maiki kwa upole kama anayemsaidia mlevi kuvuka barabara.

Jioni ukumbi ulijaa. Vitambaa vyeupe, taa za kuning'inia, mabaharia wamevaa sare zilizopigwa pasi. Fundi aliketi katikati ya wanawake wake wawili, jasho likimtoka shingoni. Mkuu wa wahudumu alitaja cheo kipya, watu wakapiga makofi, na maiki ikakabidhiwa Wifi.

Wifi alisimama na mkoba wake begani, kama mtu asiyejua kama atabaki au ataondoka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri. Nesi aliegemea kiti, akasubiri.

"Huyu nilimzaa mchana wa mvua," alisema Wifi. "Alikuwa mzito. Alipoanza kutembea alikuwa akienda kinyumenyume, sijui kwa nini. Alipenda kulala na kijiko mkononi. Ukimnyang'anya kijiko, anaamka." Watu walicheka. Fundi aliinua uso. Hilo la kijiko hakuwahi kulisikia. "Hayo ni mpaka miaka minne. Baada ya hapo sina kitu."

Akanyamaza. Amekwama, aliwaza Nesi, akapeleka mkono kwenye kamba ya barakoa.

"Nilikuwa nikipiga simu," Wifi akaendelea. "Kila nilipopata simu nilipiga. Niliambiwa amelala. Napiga jioni, amelala. Napiga saa sita ya mchana, amelala. Nikasema, mtoto gani huyu halali usiku?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkono wa Nesi ulibaki hewani.

"Anayejua habari zake baada ya hapo ni wifi yangu huyu. Ndiye aliyepaswa kusimama hapa, na hana kikohozi chochote. Meno yake ya bandia yalipotea, yakaokotwa, nikayachukua mimi nikayaficha. Nilitaka naye aonje kukaa na neno mdomoni na asiweze kumwambia mtoto." Sauti yake ilikuwa kavu, bila kuomba msamaha. "Lakini nimesimama hapa, naona mwanangu ananitazama anasubiri, na mimi nimeishiwa. Kwa hiyo wifi, chukua. Umsemee."

Aliingiza mkono mkobani, akatoa kikasha cha sabuni, akakifungua mbele ya watu wote. Alikitazama. Akakigeuza. Akaanza kupekua mkoba, miwani ikaanguka sakafuni, naye hakuiokota.

"Yalikuwa humu," alisema. "Wallahi yalikuwa humu."

Fundi hakuwa akikitazama kikasha. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake. "Shangazi. Nilikuwa nimelala?"

Nesi alikuwa na njia ya kutokea, pana na rahisi, aliyojengewa na adui yake mwenyewe. Aligusa barakoa. Alionyesha mdomo wake. Alitikisa mikono: siwezi kusema, si unaona.

"Usiseme basi," alisema Fundi taratibu. "Itikia kwa kichwa tu. Saa sita ya mchana, nilikuwa nimelala?"

Watu walikuwa wakimtazama. Yule mzee wa meza ya jirani, aliyekimbia na chai yake, alikuwa amesimama kabisa ili aone vizuri. Na pale mbele Wifi alikuwa amepiga magoti akipapasa chini ya meza akitafuta meno ya mwenzake, akiwa na nywele zake nzuri. Maneno yalimtoka Nesi kabla hajayakamata.

"Alikuacha! Alikuacha kama mzigo, mimi ndiye niliyekusitiri, sasa leo simu ndiyo iwe mama?"

Kila neno lilitoka limenyooka. Hakuna hewa iliyovuja, hakuna herufi iliyoteleza. Nesi zamani alikuwa akiita wagonjwa kutoka mwisho wa korido, na sauti ilikuwa ile ile.

Wifi aliinuka taratibu kutoka chini ya meza. Alikitazama kikasha kitupu, kisha akaitazama barakoa.

Fundi alinyoosha mkono, akaishusha barakoa ya shangazi yake mpaka kidevuni, kwa uangalifu, kama mtu anayefungua kifuniko cha injini iliyo moto. Meno yalikuwepo. Meupe, yote, yamepangika.

"Kumbe ulikuwa nayo," alisema. "Ulitaka asimame aaibike."

Akainuka. Aliokota miwani ya mama yake, akaifuta kwa shati la sare, akampa. Akamvutia kiti, si kile mama alichokuwa amekalia, bali cha upande wa pili wa meza, mbali na Nesi, naye akaketi karibu yake. Kisha akauliza tena, safari hii bila kumwangalia.

"Nilikuwa nimelala, shangazi?"

Maiki ilikuwa imelazwa mezani, bado inawaka, na ukumbi mzima ungesikia hata mtu akimeza mate. Nesi alikuwa na meno yake. Alikuwa na koo zima. Alikuwa na miaka yote ile ya pasi na mkono uliovunjika, tayari kusemwa.

"Hapana," alisema.

Mhudumu, ambaye hakujua afanye nini na mikono yake, alianza kukusanya sahani. Alipofika kwa Nesi akaishika tishu iliyokuwa kando ya sahani, na Nesi akaidaka kwa mikono yote miwili, akaing'ang'ania. Mhudumu akaiachia. Ilikuwa tupu.