Bembea ya Watu Wawili

Wilberth aliposhuka garini hakunisalimu. Alinyoosha mgongo, akaitazama nyumba yangu ya udongo na makuti yake, akasema, "Kumbe bado haijaanguka?"

"Inakungoja uingie," nikamjibu.

Mjukuu wangu Nelsy alitaka kucheka, lakini Wilberth, mumewe, alimgeukia, naye akainama kuchukua begi lake. Walikuwa wametoka mjini Mérida kuja kutembea: waone magofu ya hekalu la wahenga wetu, waogelee kisimani, walale kwangu, kesho warudi.

Wilberth alipokwenda uani kunawa, Nelsy akanivuta jikoni, akafungua begi. Ndani mlikuwa na bembea ya kulalia niliyowasukia walipooana, pana, ya watu wawili, nyuzi za pamba za buluu na za rangi ya papai bivu, na pindo la ndege waliosukwa pembeni. Mkono wangu uliitambua kabla ya macho.

"Bibi, siku hizi mimi na yeye kila mtu analala kwenye yake," akasema. "Nimekuja na hii tu. Akikubali tulale humu leo, narudi naye. Asipokubali, nabaki kwako."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Anaijua hii ni nini."

Kweli anaijua. Kwetu mtu hulala bembeani tangu siku anayozaliwa, na ile ya harusi haiguswi na mwingine, hata mgeni haazimwi.

Tukaenda magofuni, mimi na kapu langu la tortilla, chapati zetu za mahindi, na maharage. Mijusi mikubwa ilikuwa ikiota jua juu ya ngazi za mawe. Wilberth akaegemea ukuta uliochongwa.

"Babu zako walijenga mlima huu," akamwambia mkewe, "na wewe hata tortilla ukipika haivimbi."

"Na babu zako ndio waliobeba mawe," Nelsy akasema, "wakinung'unika njia nzima."

"Mdomo huo umefundishwa na nani?"

"Na mimi," nikasema. "Sogea, umeegemea mjusi."

Akaruka. Hapakuwa na mjusi. Kuanzia hapo hakunitazama tena.

Kisima chetu ni tundu kubwa katika mwamba. Mizizi ya miti inaning'inia mpaka majini, mbayuwayu wanaingia na kutoka, na chini sana maji ni ya kijani, baridi, hakuna aliyewahi kugusa mwisho wake. Nelsy akaitoa bembea aitundike kati ya miti miwili, wapumzike pamoja kabla ya kuoga. Alikuwa ameshafunga kitanzi kimoja.

Wilberth akafungua chupa ya bia, akaonja, akatema. "Hii imekuwa chai." Akamwangalia mkewe, akaiangalia bembea, halafu akaifungua kutoka mtini, akazipanga bia zake zote katikati ya zile nyuzi, akakusanya ncha, akafunga kamba.

"Wilberth, siyo hiyo," Nelsy akasema polepole.

"Si wavu huu? Shika kamba. Teremsha."

Ningesema mimi, lingekuwa neno langu, na hili halikuwa langu.

Nelsy akashika, akateremsha. Mumewe akashuka kwa ngazi ya miti, akaogelea, akapiga mbizi, akaibuka akipuliza maji. Baada ya muda akaita, "Haya, vuta sasa, zimepoa."

Nelsy akavuta. Bembea ikanasa kwenye mzizi. Nikaona pindo la ndege likifumuka, uzi kwa uzi.

"Vuta kwa nguvu! Una mikono ya nini?"

"Inachanika."

"Ichanike. Kitambaa cha bibi kizee hicho. Bia ndiyo niliyonunua."

Nelsy akanitazama. Kisha akafungua viganja. Kamba ikapita mwambani kama nyoka, bia na bembea vikazama, mapovu machache yakapanda, maji yakatulia.

Wilberth akapanda ngazi akichuruzika. "Umeachia."

"Nimeachia."

"Na leo nitalala wapi?"

"Mérida," Nelsy akasema. "Bembea yako unayoipenda iko huko, umeiacha imetundikwa."

Akatukana ukoo wetu mpaka mbayuwayu wakatoka, akatafuta funguo, akaondoka na gari. Sisi tukarudi kwa miguu, tukala maharage njiani.

Kesho yake nilisimamisha fremu yangu ya kusukia chini ya paa. Nelsy akachagua nyuzi, nyekundu tupu. Nikamuuliza upana.

"Ya mtu mmoja, Bibi," akasema. "Lakini isinibane."