Nusu ya Muda Mrefu

Uji ulikuwa ukitokota, na mwalimu wa hesabu aliukoroga kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika nusu kitabu. Nusu kweli, si maneno. Kitabu cha uchumi mpana kilikuwa ghali hata kwa watu wawili, kwa hiyo walipokipata cha mtumba, yeye na wifi yake walikipasua mgongoni kwa kisu cha mkate. Yeye akachukua nusu ya kwanza, inayoeleza uchumi unavyokwenda katika muda mrefu: akiba, mitaji, nchi zinavyokua. Wifi, dada wa mumewe, naye mwalimu shule hiyohiyo, akachukua ya pili, ya muda mfupi: bei kupanda, ajira kupotea, serikali kuhangaika.

Leo ilikuwa siku ya kubadilishana. Mtihani wa kuingia shahada ya pili ulikuwa Jumamosi, na atakayempita mwenzake ndiye angechukua ruhusa ya masomo, maana shule ilikuwa na nafasi moja tu. Ndivyo walivyokubaliana, tena kwa kupeana mikono.

Njiani kwenda shule alinunua mkate, akaupima kiganjani.

"Huu mbona kama mtoto wa ule wa juzi?"

"Bei ileile, mwalimu," muuza duka akacheka. "Mkate ndio umepungua mwili."

Akacheka naye. Mambo hayo ya bei yalikuwa katika nusu ya wifi; angeyasoma jioni.

Mkuu wa shule alimwita kabla hajatua mkoba.

"Mwalimu, kuanzia mwezi ujao utabeba na vipindi vya wifi yako. Ruhusa yake imepita."

"Imepitaje, Mkuu? Mtihani si Jumamosi?"

"Mtihani ni wa chuo, ruhusa ni yetu. Jina tulishapeleka mwezi jana, na likishakwenda halibadilishwi."

"Na langu?"

Mkuu alimtazama kama anayemwonea huruma kwa kukosa habari za nyumbani kwake. "Si mumeo alikuja? Alikaa hapohapo ulipokaa. Akasema una watoto wadogo, umeamua kumpisha mwenzako. Tukasema, hii ndiyo familia inayoelewana."

"Hamkuniuliza."

"Mume akishasema, mwalimu, tukuulize nini tena?"

Mwezi mzima! Mwezi mzima amesimama ubaoni baada ya kengele ya mwisho, chaki imemjaa nywele, akimrudilia wifi milinganyo mpaka imkae kichwani, na kumbe jina la wifi lilikwisha fika. Akirudi nyumbani mume anamuuliza, "Masomo yanaendaje?" Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, hawakusema kwamba nguo yenyewe unaifua na kuipiga pasi. Ilimuuma. Ilimuuma zaidi kwamba walimwacha aendelee kuwachekea.

Wifi alikuwa peke yake katika chumba cha walimu, nusu ya pili ipo mezani mbele yake. Alipomwona mwalimu tu, akajua siri imetoka.

"Wifi, usinichukie. Kaka ndiye aliyesema nitangulie, kwa kuwa mimi sina mtoto."

"Ulijua."

"Nilijua." Akainamisha uso, akawa anakwangua rangi ya kucha. Kisha, kwa sauti ndogo: "Sasa... nusu yako umekuja nayo? Ile sura ya mitaji bado hainiingii, na nikifeli Jumamosi hata hiyo ruhusa haina maana."

Mwalimu alitaka kupiga kelele. Alitaka pia kucheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyoosha mkono, akaichukua nusu ya pili, akaitia mkobani pamoja na ya kwanza.

"Wifi! Nitasoma nini?"

"Kamuulize kaka yako."

Akaenda darasani, kwa kuwa kengele ilikuwa imelia na watoto hawana kosa.

Jioni mume alimkuta amekaa sakafuni, sindano ya kushonea magunia mkononi, akiziunganisha zile nusu mbili. Ule mkate mdogo watoto walikuwa wameumaliza.

"Dada amenipigia simu analia," mume alisema. "Mama watoto, mpe kitabu. Akitangulia yeye atakuvuta na wewe. Ni kwa faida yetu sote, utaiona katika muda mrefu."

"Muda mrefu naujua, nimeusoma tangu mwanzo wa mwaka. Nilichokuwa sikijui ni nusu yenu."

Mume alijikuna shingo. "Haya, tuseme umefaulu. Ruhusa huna. Bila barua ya shule, chuo hakikupokei."

"Sina, ndiyo."

Ilikuwa kweli, na hakuna sindano ya kushona hilo. Angefaulu, jina lake lingebandikwa ukutani chuoni, kisha angerudi kubeba vipindi vya wifi juu ya vyake, kwa mshahara uleule. Alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno.

"Jumamosi uji utaukoroga wewe," alisema. "Mimi nina mtihani."