Robine ya Maternité

Apolline, aliyekuwa anafua mashuka ya maternité ndogo ya Cimpunda, nyumba ya kuzalia, alinieleza habari hii Jumatatu ya Pasaka, tukichambua maharagwe. Mambo haya yalitokea mwaka wa pili wa vita. Barabara zilifungwa, petroli ya taa ikawa adimu, na kila mwanamke aliyekuja kuzaa alileta sabuni, wembe mpya, na chupa yake ya petroli. Asiyekuwa na chupa alijaribu kuzaa mchana.

Asubuhi moja Apolline alifungulia robine ya uani, bomba la maji lililo chini ya muavokado, na ikatoka petroli. Alikasirika, maana mashuka yalikuwa tayari ndani ya beseni.

“Maman Adélaïde, leo robine iko inatoa petroli.”

Adélaïde, mkunga, alikuja na taa, akaijaza, akaiwasha. Ikawaka vizuri, na harufu kidogo ya majani ya avokado.

“Sawa. Maji mutachota kwa mutoni,” akasema.

Siku tisa wanawake walizaa usiku bila kuleta chupa. Siku ya kumi akafika Chef Gaston wa ofisi ya mafuta, amevaa koti la sufu kwenye jua, na gari lenye mapipa matupu. Alifungulia robine, akachovya kidole, akanusa, akaomba kiberiti.

“Hii haiko na certificat, karatasi ya ruhusa.”

“Lakini inawaka, chef,” Adélaïde akasema.

“Kuwaka si kitu, maman. Hata nyumba inawaka. Mafuta ya inchi hii inatoka ng'ambo, ndiyo sheria. Siku inchi itajitegemea, tutawajulisha.”

Alijaza mapipa yote ili mafuta yapelekwe ng'ambo kupata certificat. Gari likakataa kuwaka, tangi lilikuwa kavu. Chef aliomba bidoni mbili za petroli ya robine kutilia tangi, akazipata, akaondoka bila kusema asante. Nyuma aliacha askari mmoja na kufuli kwenye robine.

“Na taa yangu?” Adélaïde aliuliza yule askari.

“Mungoje certificat, maman.”

Wiki iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, Zagabe akamleta mke wake, Yolande, mwalimu wa shule. Uchungu ulikuwa umeanza toka asubuhi na mtoto alikuwa anakuja miguu mbele. Zagabe alishika chupa aliyonunua soko la Kadutu, yenye karatasi ya ng'ambo na muhuri mwekundu. Adélaïde akanusa. Majani ya avokado.

“Papa Zagabe, hii ni ya robine yetu.”

“Najua, maman. Na wameongeza maji.”

“Wao wako na maji. Sisi ndiyo hatuna,” akasema Apolline akiijaza taa, mikono ikinuka petroli.

Taa iliwaka mpaka miguu na kiwiliwili vya mtoto vikatoka. Halafu taa ikatapika maji, ikazimika. Kichwa kilikuwa bado ndani, na Yolande alikuwa ameacha kulia, jambo ambalo Adélaïde hakulipenda.

“Fungua dirisha,” akasema.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, mji wa nchi jirani ulikuwa umewasha taa zake zote. Mwanga wake ulivuka mto, ukapanda kilima, ukaingia dirishani, ukajaza chumba harufu ya majani ya avokado. Adélaïde aliutambua. Akaingiza vidole, akatafuta kidevu cha mtoto, akakivuta polepole mpaka kichwa kikatoka. Msichana. Akalia kwa hasira.

Yolande akanywa uji, akalala na mtoto kifuani. Zagabe akalala amekaa mlangoni. Uani askari alikoroma, ameegemea kufuli. Apolline akajifunika shuka chafu, akalala pia.

Adélaïde alijinyoosha kwenye benchi. Mwanga ulikuwa unamuumiza macho. Aliinuka ili auzime, akakumbuka kwamba upande huu wa mto hakuna mtu wa kuuzima. Akageukia ukuta, akalala.